Dawa Ileile, Damu Mbalimbali

Mtu anayefika Nyarutarama, katika jiji la Kigali, hukutana kwanza na mambo yanayopendeza macho. Liko ziwa dogo, uko uwanja wa gofu, na ziko nyumba za fahari zilizopangwa mteremkoni, nyingi zikiwa na maua getini na walinzi mlangoni. Wengi wakilisikia jina la mtaa huo hufikiri habari za wenye uwezo, na wala hawakosei sana. Lakini hapo hapo Nyarutarama, katika jengo liitwalo Nyarutarama Plaza, kando ya barabara ya KG 9, ndipo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, ilipoweka ofisi zake. Kazi ya mamlaka hiyo ni kuyasoma makaratasi ya kila dawa kabla dawa yenyewe haijaruhusiwa kumfikia mgonjwa. Na mgonjwa tunayetaka kumzungumzia leo ni yule asiyeweza hata kusema anaumwa wapi, yaani mtoto aliye mahututi.

Mtoto wa namna hiyo anapoletwa hospitali, jambo la kwanza linalofanywa ni kumpandisha kwenye mizani. Uzito wake ukishajulikana, muuguzi hupiga hesabu: dawa kadhaa kwa kila kilo moja. Hesabu hiyo ni nzuri, na imeokoa watoto wengi. Hata hivyo ina kasoro moja kubwa. Inachukulia kwamba watoto wawili wenye kilo kumi ni mtoto mmoja aliyelala katika vitanda viwili. Madaktari na wauguzi wenyewe wanajua kwamba sivyo. Watoto wawili hupewa dawa ileile, kwa kipimo kilekile, siku ileile; mmoja akaamka na kuomba uji, mwenziwe akabadilika rangi ya viganja na midomo, ikabidi atafutiwe damu ya kuongezwa. Zamani jambo kama hilo liliitwa bahati mbaya. Siku hizi sehemu yake kubwa ina maelezo, nayo yamo katika chembe za urithi ambazo kila mtoto huzipokea kutoka kwa baba na mama.

Tusitishwe na neno hilo. Mwili wa binadamu una vimeng'enya vinavyoishughulikia dawa: vingine huivunja, vingine huiamsha ifanye kazi, vingine huwalinda askari wa mwili isije dawa yenyewe ikawadhuru. Namna ya kuvitengeneza vimeng'enya hivyo imeandikwa katika vinasaba. Herufi moja ikibadilika katika maandishi hayo, kimeng'enya huweza kuwa kivivu, au kikawa na haraka ya kupita kiasi, au kisiwepo kabisa. Aliye na badiliko hilo haonekani kuwa mgonjwa. Hula, hucheza, huenda shule. Siku anapokutana na dawa fulani ndipo siri inapofichuka.

Katika eneo letu siri hiyo ilikwisha kufichuka kwa namna ya kuhuzunisha, na inafaa kisa hicho kielezwe kwa kirefu, maana kina mafunzo ambayo hayajazeeka.

Mwanzoni mwa karne hii, dawa za malaria zilizokuwa rahisi zilikuwa zinashindwa moja baada ya moja. Klorokwini ilikuwa imekwisha nguvu, na ile iliyofuata, ambayo wananchi wengi waliizoea kwa jina la Fansidar, nayo ilikuwa njiani. Dawa mpya zenye asili ya Kichina zilikuwa ghali. Hapo likazuka wazo jema kabisa: kuunganisha dawa mbili za zamani, klorprogwanili na dapsoni, ipatikane dawa moja ya bei ndogo ambayo hata zahanati ya kijijini ingeimudu. Dapsoni si ngeni kwetu; wazee wanaikumbuka kuwa ni dawa ya ukoma. Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano wa kampuni ya Uingereza GlaxoSmithKline, Shirika la Afya Duniani na wataalamu wa vyuo vya Liverpool na London, na ikasaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza. Dawa ikapewa jina la Lapdap, na mwaka 2003 ikaidhinishwa huko Uingereza, ingawa hapana mtoto wa Kiingereza aliyetazamiwa kuimeza. Ilikusudiwa watoto wa Afrika.

Sasa, dapsoni ina tabia moja inayojulikana tangu zamani. Huzisumbua chembe nyekundu za damu. Kwa watu wengi usumbufu huo si kitu, kwa sababu chembe hizo zina kimeng'enya kinachozilinda, ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi G6PD. Lakini wako watu wenye upungufu wa kimeng'enya hicho, na idadi yao duniani hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 400. Wengi wao wanaishi katika nchi zenye malaria, wala hilo si sadfa. Upungufu huo humpa mtoto kinga kiasi fulani dhidi ya malaria kali, na kwa hiyo kwa maelfu ya miaka umeendelea kurithiwa katika nchi zetu. Aidha, kinasaba chenyewe kinakaa katika kromosomu ya eksi, ambayo mtoto wa kiume anayo moja tu, naye huipata kwa mama. Ndiyo maana upungufu huo huwapata zaidi wavulana.

Basi tazameni jinsi mambo yalivyopangika. Dawa inayowasumbua wenye upungufu wa kimeng'enya hicho ikapelekwa mahali hasa ambapo wenye upungufu huo ni wengi, ikapewa watoto ambao malaria ilikuwa imekwisha kuwapunguzia damu. Dalili hazikukawia kuonekana. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano wa wataalamu kuuangalia usalama wa dawa hiyo. Baadaye, ilipounganishwa na artesuneti ili iwe na nguvu zaidi, majaribio makubwa yalifanywa kwa zaidi ya watoto 1,000 katika nchi tano: Burkina Faso, Ghana, Nigeria, Kenya na Tanzania. Hapa Rwanda pia mchanganyiko huo ulijaribiwa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008 na watafiti ambao miongoni mwao alikuwapo Dkt. Corine Karema, aliyewahi kuuongoza mpango wa taifa wa kupambana na malaria. Jibu lilikuwa moja. Wagonjwa wenye upungufu wa kimeng'enya waliopewa dawa hiyo walikuwa katika hatari kubwa ya kupungukiwa damu vibaya. Mwezi wa Februari mwaka huo huo wa 2008 kampuni ilitangaza kuiondoa Lapdap sokoni na kuacha kabisa kuitengeneza ile mpya.

Kuna jambo katika kisa hiki ambalo halisemwi mara nyingi. Damu ya watoto wale haikupungua palepale walipomeza kidonge cha kwanza. Ilipungua siku za baadaye, wakati homa imekwisha kushuka na mama amekwisha kurudi nyumbani. Watafiti waliiona kwa sababu waliwaita watoto warudi, wakawatoboa vidole na kuwapima tena. Katika zahanati ya kawaida hakuna anayemwita mtoto aliyepona homa arudi kupimwa damu. Katika miaka ile mitano ambayo Lapdap ilikuwa inauzwa, mtoto aliyezidiwa wiki ya pili huenda aliandikwa kuwa amerudiwa na malaria, au hakuandikwa kabisa.

Ndugu Wasikilizaji, hiyo ilikuwa dawa ya zahanati. Tuingie sasa katika wodi ya watoto wachanga, ambako jambo lenyewe ni la dakika.

Mtoto mchanga anayeshukiwa kuwa na sumu katika damu huchomwa sindano za viuavijasumu upesi iwezekanavyo. Duniani kote, na kwetu pia, mojawapo ya dawa zinazotegemewa ni jentamaisini. Ni dawa rahisi, yenye nguvu, na pasipo hiyo watoto wengi wasingefikisha juma moja. Walakini wako watoto wachache ambao sindano za aina hiyo, hata zikitolewa kwa kipimo sahihi, huua chembe za sikio la ndani, na usikivu ukishapotea haurudi. Sababu ya baadhi yao ni badiliko la herufi moja katika vile vinasaba vidogo ambavyo mtoto huvipata kwa mama peke yake. Kwa muda mrefu ujuzi huo haukumsaidia mtoto mahututi, kwani majibu ya maabara yalichukua siku kadhaa, na sindano haiwezi kungoja hata saa mbili.

Kule Manchester, Uingereza, madaktari waliifanyia kazi shida hiyo. Walitumia mashine ndogo iwekwayo karibu na kitanda: muuguzi anapitisha pamba ndani ya shavu la mtoto, anaitia mashineni, na baada ya dakika 26 jibu linatoka. Matokeo ya jaribio lao, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalihusu watoto wachanga 751 wa Manchester na Liverpool. Watatu kati yao walionekana kuwa na badiliko lile, wakapewa dawa nyingine. Watatu katika 751 ni wachache, atasema mtu. Ni wachache, ndiyo. Lakini jambo lililowashangaza wengi ni kwamba kipimo hicho hakikumchelewesha mtoto yeyote kupata dawa yake, na hilo ndilo lililokuwa likitiliwa shaka. Mwaka 2023 taasisi ya Uingereza inayoamua matibabu yapi yagharimiwe iliruhusu kipimo hicho kianze kutumika huku ushahidi zaidi ukikusanywa.

Je, mashine kama hiyo iletwe Kigali kesho, na Dodoma, na Kisumu? Hapa ndipo tunapopaswa kutulia kidogo.

Wako wanaosema kwamba mazungumzo ya vinasaba ni anasa. Hoja yao ni nzito na haifai kudharauliwa. Wanauliza: katika hospitali ambamo mitungi ya oksijeni haitoshi, ambamo muuguzi mmoja anawaangalia watoto wengi kwa usiku mmoja, fedha ziende kwenye mashine ya kusoma herufi? Hata kipimo cha kawaida cha damu wakati mwingine hukosa vitendanishi. Mwenye kusema hayo ameiona hali kwa macho yake, na mwandishi wa mazungumzo haya anakubaliana naye kwa nusu ya hoja.

Nusu ya pili haikubaliki, kwa sababu inadhani kwamba ujuzi wa vinasaba maana yake ni mashine peke yake. Utazameni mfano wa kodeini. Hii ni dawa ya maumivu iliyotumika miaka mingi kwa watoto, hasa baada ya kukatwa mafindofindo. Kodeini yenyewe haitulizi maumivu sana. Ini la mgonjwa huigeuza kuwa mofini, na kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kimoja. Wako watu ambao kinasaba cha kimeng'enya hicho kimerudiwa mara mbili au zaidi, na miilini mwao kipimo kidogo cha kodeini hugeuka upesi kuwa mofini nyingi. Mtoto wa namna hiyo hulala, pumzi zikapungua, asiamke. Vifo vya namna hiyo vilipothibitika, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2012, ikaikaza mwaka 2013, na mwaka 2017 ikapiga marufuku kodeini kwa watoto walio chini ya miaka 12. Hawakusema kila mtoto apimwe vinasaba. Walisema dawa hiyo iwekwe kando, itumike nyingine. Gharama ya uamuzi huo hospitalini ni karatasi moja iliyobandikwa katika chumba cha dawa.

Jambo hilo linatuhusu sisi kuliko linavyoihusu Marekani. Mwaka 1996 watafiti, akiwamo Eleni Aklillu, mtaalamu mwenye asili ya Ethiopia, walitangaza kwamba kati ya Waethiopia waliowapima, asilimia 29 walikuwa na kinasaba hicho kilichorudiwa. Hiyo ni karibu mtu mmoja katika kila watatu! Katika nchi za kaskazini ya Ulaya huwa ni mmoja au wawili katika mia. Na miaka hiyo hiyo Profesa Collen Masimirembwa wa Zimbabwe na wenzake wakaeleza kwamba huko kusini mwa bara letu lipo badiliko jingine, lililopewa namba 17, ambalo hufanya kinyume: hukipunguza kasi kimeng'enya kilekile. Mwaka 2001 likaelezwa jingine, namba 29, lililoonekana sana miongoni mwa Watanzania, nalo pia ni la kupunguza. Basi anayeandika katika kitabu kwamba dawa fulani humfanya hivi "Mwafrika", ameandika neno lisilo na maana yoyote kwa daktari. Mwafrika yupi? Wa Addis Ababa au wa Harare?

Na hapa, Ndugu Wasikilizaji, hatuwezi kulipita jambo ambalo katika nchi hii haliwezi kusemwa kwa wepesi. Rwanda inajua gharama ya kuwagawa watu kwa kile kilichodaiwa kuwa ni damu yao. Wakoloni wa Kibelgiji walipima pua na vimo, na katika miaka ya 1930 wakawaandikia watu makabila katika vitambulisho. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, vitambulisho hivyo viliombwa kwenye vizuizi barabarani, na neno moja lililoandikwa humo lilikuwa hukumu ya kifo. Baada ya hapo neno hilo liliondolewa katika vitambulisho vya taifa. Mzazi wa Kinyarwanda akisikia kwamba mtu anataka kuchukua mate ya mwanawe asome asili yake, ana haki ya kusimama na kuuliza maswali, na mwenye kumwona mshamba ndiye asiyejua historia.

Jibu analostahili kupewa ni la kweli, nalo ni hili. Kipimo tunachokizungumzia hakiulizi mtoto ni wa kabila gani wala wazee wake walitoka wapi. Huuliza swali moja: je, mwili huu utaweza kuistahimili dawa hii usiku huu? Ndugu wawili wa tumbo moja huweza kupata majibu tofauti, na majirani wasiojuana wakapata jibu moja. Daktari anayekisia dawa kwa kumtazama mgonjwa sura ndiye anayewagawa watu. Anayepima huona mtoto mmoja. Pamoja na hayo, jibu likishapatikana ni mali ya nani, na linawekwa wapi? Sheria ya Rwanda ya kulinda taarifa binafsi, iliyotolewa mwezi wa Oktoba mwaka 2021, imezihesabu taarifa za vinasaba kuwa ni miongoni mwa zile nyeti. Vema. Ila sheria ni maandishi. Chupa za mate na damu husafiri kwa ndege, na mara nyingi maabara yenye mashine kubwa iko ng'ambo. Kazi ya wataalamu wetu, kama wale wa Kituo cha Vinasaba vya Binadamu cha Chuo Kikuu cha Rwanda ambacho Profesa Leon Mutesa amekiongoza, ina thamani mara mbili kwa sababu inafanyika hapa hapa, mahali ambapo mzazi anaweza kwenda kuuliza.

Wako tena watakaosema, kwa nini tusingoje wakubwa wamalize utafiti wao, nasi tukachukua matokeo? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mambo ya dawa za watoto mahututi, mgeni amekwisha kuja mara kadhaa na mwenyeji hakupona. Miaka mingi ilifundishwa vitabuni kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu atiwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Lilipofanywa jaribio katika Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto 3,141, matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba katika saa 48 za kwanza watoto waliotiwa maji kwa haraka walikufa zaidi, kama 10 na nusu katika kila mia, kuliko wale ambao hawakutiwa, ambao walikuwa 7 hivi. Kinyume chake, mwaka mmoja kabla ya hapo, jaribio jingine la watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Rwanda ikiwamo, lilionyesha kwamba sindano ya artesuneti huokoa watoto zaidi kuliko kwinini ya zamani. Vifo vilishuka kutoka karibu 11 katika mia hadi 8 na nusu. Majibu yote mawili, la kukataza na la kuruhusu, yalipatikana kwa sababu mtu aliuliza swali katika wodi zetu, kwa watoto wetu. Ama kuhusu orodha za vinasaba zinazotumika duniani kutafsiri majibu ya vipimo, zaidi ya robo tatu ya watu waliomo ni wa asili ya Ulaya. Mashine iliyofundishwa kwa orodha hizo huweza kumtazama mtoto wa Kigali ikasema hana tatizo, kumbe herufi yake haimo katika orodha.

Wala Rwanda si mgeni wa kazi hii ya kusoma herufi. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba vimelea vya malaria vilivyochukuliwa nchini humu vimeonekana kuwa na badiliko linalovifanya vistahimili dawa za asili ya artemisia. Ugunduzi huo ulifanywa kwa kusoma vinasaba vya kimelea. Kama tunaweza kumsoma adui, hatuwezi kushindwa kumsoma mtoto.

Kwa hiyo kazi ianzie wapi? Kwa maoni ya mwandishi huyu isianzie kwenye mashine kubwa ya kusoma vinasaba vyote, yenye kungoja umeme, fundi na vitendanishi kutoka Ulaya. Kwa ule upungufu wa G6PD, kipo kifaa cha mkononi kinachotumia tone la damu na kutoa jibu kwa dakika chache. Hakisomi herufi zenyewe bali hupima nguvu ya kimeng'enya, na kwa muuguzi hilo ndilo linalotakiwa. Mahali pengine hata kifaa hakihitajiki. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba primakwini, dawa nyingine inayowasumbua wenye upungufu huo, itolewe mara moja tu kwa kipimo kidogo ili kuzuia maambukizo, kipimo ambacho hakidai mgonjwa apimwe kwanza. Ujuzi wa vinasaba ulikuwa umepunguza dozi.

Na kuhusu jentamaisini, kabla mashine ya dakika 26 haijafika, lipo swali moja. Kwa kuwa badiliko lile hupitia kwa mama, mama aulizwe: katika ukoo wako, kwa upande wa mama yako, yuko mtu aliyepoteza usikivu baada ya kuchomwa sindano? Pengine ni mjomba aliyetibiwa kifua kikuu zamani kwa streptomaisini, iliyo ya jamii hiyo hiyo. Akisema ndiyo, daktari afikirie dawa nyingine ikiwapo. Akisema hapana, sindano iendelee, maana sumu ya damu inaua upesi kuliko uziwi. Swali hilo linaweza kuongezwa leo katika karatasi ya kumpokea mgonjwa. Halitawakamata wote, kwa kuwa familia nyingi hazijui, na nyingine zilipoteza wazee ambao wangekumbuka. Lakini litawakamata wengine.

Turudi Nyarutarama. Mamlaka ya Rwanda ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani, mwezi wa Desemba mwaka 2024, kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, ngazi ambayo ni mamlaka chache za Afrika zilizoifikia. Tangu mwezi wa Julai mwaka 2022 Rwanda ilichaguliwa pia kuwa makao ya Wakala wa Dawa wa Afrika. Na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikwisha kuanza mwaka 2012 mpango wa kulinganisha taratibu zao za kusajili dawa, ili kampuni isiweze kukataliwa Kampala ikakubaliwa Bujumbura kwa makaratasi yaleyale. Nguvu ipo. Nchi moja ikimdai mtengenezaji dawa jambo gumu, huweza kuambiwa kwamba soko lake ni dogo. Zikidai zote kwa pamoja, mtengenezaji hukaa chini na kuandika.

Jambo la kudai ni ukurasa mmoja tu katika faili la kila dawa inayokusudiwa kutumiwa kwa watoto mahututi. Ukurasa huo useme dawa ilijaribiwa kwa watoto wa nchi zipi, wangapi kati yao walipimwa vimeng'enya vinavyoihusu, walifuatiliwa kwa siku ngapi baada ya kutoka hospitali, na wale walioonekana kuwa tofauti walipatwa na nini. Faili la Lapdap lilikuwa nene, na lilipita mikononi mwa watu wenye elimu kubwa na nia njema. Faili jingine likiwasili Nyarutarama na ukurasa huo ukawa mtupu, lirudishwe lilikotoka.